Mwezi Ndani ya Ghala la Data

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungiwa mlango usoni kwa sababu ya udi. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, nami nilikuwa msichana wa Kikwajuni niliyependa hesabu kuliko kitu chochote isipokuwa halua. Mama alifurahi mno kwamba mwanawe anakwenda kufanya kazi na kompyuta, kitu ambacho yeye wala jirani yeyote hakuwahi kukiona, basi akanifukiza nguo zote hadi buibui. Nilipanda ngazi za ofisi yetu ya takwimu za afya pale Vuga nikinukia kama bibi harusi. Mkuu wa Chumba cha Kompyuta, Bwana Nassor, alifungua mlango kidogo, akanusa, akaufunga.

"Shikamoo," nikauambia mlango.

"Marahaba. Kapigwe na upepo barazani kwanza. Mashine hii haifukizwi."

Nilikaa barazani mpaka udi ukapungua. Aliponiruhusu kuingia aliniamuru nivue viatu, akanieleza kwamba moshi, vumbi, chai na mikono yenye mafuta ni maadui wa kazi hii. Ndani kulikuwa na baridi ambayo sikuwahi kuihisi Unguja, maana kiyoyozi pekee cha jengo lile kilikuwa cha mashine, si cha binadamu. Kompyuta yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, ikivuma polepole. Bwana Nassor alinipa karatasi ya hesabu za kliniki za mjini, akaniambia nipige kila mtaa na namba zake, mmoja baada ya mwingine. Nilipomaliza alibonyeza kitufe, na mitaa yote ikajipanga yenyewe kwenye kioo, wenye watoto wengi juu, wenye wachache chini. Mwili ulinisisimka. Nilimuuliza ni nani aliyeipanga. "Wewe na yeye," akajibu, akiionyesha mashine kwa kidevu, akarudi mezani kwake.

Nyinyi mnaobeba kompyuta mfukoni mtanicheka. Mimi mshangao ule haujanitoka hadi leo, na ndio ulioniweka kwenye kazi hii mpaka nikastaafu. Kwa hivyo nitakuelezeni ilivyokuwa, na mwenye haraka na aende zake.

Miaka ya mwanzo nilikuwa mwingiza data, yaani mtu wa kuhamisha namba kutoka kwenye fomu za vituo vya afya na kuzitia kwenye mashine. Baadaye Bwana Nassor alinifundisha kazi ya usimamizi wa hifadhidata. Hifadhidata ni mahali namba zote zinapokaa kwa mpango, na msimamizi wake ndiye anayeamua nani aingie, nani asiingie, nini kinakiliwe kwenye tepu na kufungiwa kabatini. Ndiye pia anayerudisha kila kitu pahala pake umeme ukikatika katikati ya kazi. Umeme wa Unguja wa wakati ule ulinifundisha mengi kuliko mwalimu yeyote. Ukikatika, chumba kizima tulinyamaza kana kwamba kuna maiti, na Bwana Nassor alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, mikono nyuma, mpaka urudi.

Alikuwa mtu wa mjini hasa, mkavu, mwenye kofia safi na Kiswahili cha kupigwa pasi. Watu walisema babu zake walikuwa na mashamba ya karafuu. Yeye hakuyataja hata siku moja, ila aliipenda mashine ile kama mtu anayependa mali ya urithi, na aliyeigusa vibaya alijuta.

Kisha Mkuu wa Takwimu alinihamishia Mkokotoni kwa muda, nikasimamie ukusanyaji wa fomu za kaskazini. Nililia kuondoka mjini, lakini huko ndiko nilikojifunza somo langu kubwa. Watu wa kisiwa cha Tumbatu walikuwa wakivuka kuja kutibiwa upande huu. Fomu zetu zilimhesabu mgonjwa kisiwani alipoandikiwa kuvuka, zikamhesabu tena aliposhuka Mkokotoni. Kwa mujibu wa karatasi zetu, Tumbatu nzima ilikuwa inaumwa mara mbili. Niliporudi mjini na kumsimulia Bwana Nassor, nilidhani atacheka, lakini hakucheka.

"Mstari mmoja ni nini?" akaniuliza.

Sikumfahamu. Akachora mstari kwenye karatasi. Akataka nimwambie kama mstari ule ni mtu, au ni ugonjwa wake, au ni ile siku aliyofika kituoni. Akasema kwamba mpaka nijue jibu, nisiguse mashine. Maana hiyo ya mstari mmoja wataalamu wa siku hizi wanaiita punje, yaani kipimo kidogo kabisa cha jambo unalolihifadhi. Ukikosea punje, kila hesabu itakayofuata itakosea kwa adabu kabisa, bila ya kupiga kelele.

Katika miaka ya tisini lile kabati lilistaafishwa, zikaja kompyuta za mezani, na baada yake seva, ambayo ni kompyuta moja inayozihudumia nyingine zote. Tukampata na Mathias, mtunga programu, mzaliwa wa Unguja ambaye wazazi wake walitoka bara. Mathias alikuwa mwepesi, mcheshi, na mbishi kupita kiasi. Tulipendana kama ndugu na kugombana vivyo hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tukaletewa Mkurugenzi wa Mipango mpya, Bi Zakia, mwanamke mfupi aliyekuwa haketi. Wiki yake ya mwanzo aliuliza swali jepesi tu, watoto wangapi wamechanjwa. Kila kitengo kilimpa jibu lake, na kila kitengo kiliapa kuwa jibu lake ndilo. Akatuita sote watatu.

"Nnataka niulize swali moja nipate jibu moja," alisema. "Mkiweza, semeni. Hamuwezi, semeni vilevile."

Bwana Nassor akasema tutaweza, tukijenga ghala la data. Mathias na mimi tukatazamana, maana neno hilo tulikuwa tumelisoma tu.

Acha nilieleze kama nilivyolielewa mwenyewe. Hifadhidata ya kila siku ni jiko. Kila kitu kinaguswa, kinabadilika, na mpishi anataka chumvi sasa hivi. Ghala ni stoo. Vitu huletwa kutoka majiko mbalimbali, vikasafishwa, vikapewa majina yanayolingana, vikawekwa na tarehe zao, na vikishaingia havibadilishwi. Jiko linakwambia leo kuna nini. Stoo inakwambia mambo yamekwendaje tangu miaka hiyo.

Tulianza na swali lilelile la Mkokotoni. Tulikubaliana kuwa mstari mmoja ni mtoto mmoja kufika kliniki moja siku moja, na mistari hiyo ikaenda kwenye jedwali la matukio. Kulizunguka tukaweka majedwali ya maelezo, moja la mahali, moja la chanjo, moja la tarehe. Ukichora, jedwali la matukio linakaa kati na mengine yanatoka pembeni, na umbo lake linafanana na nyota, hivyo mchoro huo huitwa nyota. Uzuri wake ni kwamba nyota nyingine inaweza kutumia majedwali yaleyale. Tukamwomba karani wa mwani, anayepima mwani unaolimwa na kuuzwa pwani ya mashariki, atupe hesabu zake za mizani, tukazijengea nyota yake, lakini mahali na tarehe ni zilezile. Kwa hivyo kliniki na mwani, ambavyo havikuwahi kukutana kwenye ofisi yoyote, vilikutana kwenye tarehe.

Jedwali la tarehe ndilo lililotugombanisha. Mathias alitaka siku, mwezi na mwaka, basi. Bwana Nassor akataka na tarehe za Kiislamu, kwa sababu Ramadhani hubadilisha saa za ofisi na mwendo wa watu wote. Mathias akatunga programu ya kuzikokotoa, na mwaka ule mashine ikatangaza Idi kabla mji haujauona mwezi. Ofisi nzima ilimpongeza kwa Idi yake ya peke yake, wakampelekea na kaimati za sikukuu. Alinuna, kisha akaongeza njia ya kusahihisha kwa mkono kila mwezi unapoandama kweli.

Ghala liliposimama, Bi Zakia hakutupa muda wa kujisifu. Alitaka orodha ya kliniki zisizohudhuriwa, ili azifunge na nguvu zao zipelekwe kwingine. Juu kabisa kilitoka kituo kimoja kidogo upande wa Jambiani. Kliniki ya chanjo pale ilikuwa Jumatano ya mwanzo ya kila mwezi. Miezi mingine akina mama walijaa, miezi mingine, tena kwa kufuatana, hawakuja ila wachache. Bi Zakia akaamua kuifunga na kumhamisha nesi wake, ambaye kwa macho ya wakubwa alishindwa kuwavuta wanawake.

Nesi huyo, Bi Veronika, nilikuwa nikimfahamu, kwa kuwa alileta fomu zake mwenyewe ofisini. Alikuwa mtoto wa mjini, Mkristo, mpole, na alikuwa amepangwa Jambiani bila ya kuwa na jamaa huko. Alipopata habari alikuja akakaa kwenye kiti changu, mkoba mapajani. Aliniambia akina mama wale wanamsalimia vizuri, wanamletea samaki, akiwakumbusha kliniki wanamwambia watakuja inshallah, kisha hawaji. "Sijui nimewakosea nini," alisema. "Na nikiondoka mimi, wale watoto watachanjwa wapi?"

Alipoondoka, swali lake liliniudhi. Ghala lote lile tulilolijenga, nami sina la kumwambia mtu mmoja. Siku zilizobaki kabla ya kikao cha Bi Zakia cha kupitisha uamuzi ule nililiuliza ghala kwa kila namna. Nilipanga mahudhurio kwa mwaka, kwa msimu wa mvua, kwa mavuno, yakawa hayana sura. Nikajaribu Ramadhani, nikijua mahudhurio yatashuka na mchoro utakuwa na bonde pale, nikalipata dogo tu. Mimi nikishaanza kitu siachi, hata mume wangu atakuambia. Nikachukua kliniki zote za pwani ya mashariki, miaka yote tuliyokuwa nayo, nikazipanga kwa tarehe ya mwezi wa Kiislamu, tangu mosi hadi mwisho.

Mabonde mawili yakatokea kwenye kioo. Moja lilianzia siku ya mwezi kuandama. La pili lilianzia siku za mwezi mpevu. Kati yake vilima viwili, vimelingana.

Nilijikuta nimesimama. Nilisema Subhanallah kwa sauti, na sikuona haya. Miaka mingi nilikuwa nikipiga namba zile kwa vidole vyangu, fomu baada ya fomu, na mwezi wa mbinguni ulikuwa umo ndani yake muda wote, unakua na kupungua, nami sikuuona. Niliogopa kidogo, kama mtu aliyefungua kabati la nguo akakuta bahari.

Mathias alipoitwa alisema ni kosa la programu yake, na alisema kwa huzuni kwelikweli. Tuliikagua mstari kwa mstari, tukarudi kwenye fomu za asili, tukajaribu kliniki za mjini. Za mjini zilikuwa tambarare, hazina bonde. Ndipo nikaweka nyota ya mwani juu ya nyota ya kliniki. Mizani ya mwani ilipanda siku chache baada ya kila bonde. Nilimpigia karani wa mwani nikamuuliza kwa nini. Akaniambia mwani hauvunwi na kupimwa papo hapo, lazima uanikwe kwanza ukauke. Basi tukafahamu sote wawili kwa pamoja. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kukauka sana, nayo ndiyo bamvua. Pwani ile maji hukauka asubuhi, saa zilezile za kliniki, na hapo tu ndipo akina mama wanapoweza kuyafikia mashamba yao ya mwani. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali, nao hubaki nyumbani. Sisi watu wa mjini tumezungukwa na maji pande zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuyauliza.

Tulimpelekea Bi Zakia mchoro. Bwana Nassor alikuja nasi. Bi Zakia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliketi.

"Bi Rahma, mie nkaingie kwenye kikao niseme kuwa mwezi ndio unaowazuia watoto wasichanjwe?"

"Si mwezi, Bi Mkurugenzi. Ni sisi. Tulichagua siku ya kliniki bila ya kuitazama bahari."

"Na namba zako zikiwa zimekosea?"

"Basi Bi Veronika ataondoka, na ghala hili mulifunge, na mimi nrudi kuingiza data."

Mathias alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bi Zakia akamgeukia Bwana Nassor akamuuliza kama Jumatano ya kliniki inayokuja itakuwa bamvua. Bwana Nassor akahesabu kwa vidole.

"Naam. Mwezi utakuwa ndio kwanza umeandama."

"Basi twende sote tukatazame. Sitaki mchoro, nnataka macho yangu."

Tulifika Jambiani jua limeshapanda. Bi Veronika alikuwa amekaa barazani pa kituo, boksi la barafu la chanjo pembeni yake, sare imenyooshwa, benchi tupu. Alipomwona Mkurugenzi akishuka garini alisimama na mkoba wake, maana alidhani tumekuja kumwondoa siku ileile. Bi Zakia alimshika mkono, akamwambia atupeleke pwani.

Nimeona mambo mengi kwenye kioo cha kompyuta, lakini sijaona kama nililoliona pale. Bahari ilikuwa imeondoka, imeacha mchanga na vidimbwi mpaka kwenye mstari mweupe wa mwamba, na kijiji kizima kilikuwa ndani yake. Wanawake wameinama kati ya vijiti na kamba za mwani, kanga za kila rangi zimefungwa viunoni, na watoto wao wako nao, wengine mgongoni, wengine wamelazwa chini ya vivuli vya kanga zilizotundikwa juu ya vijiti. Ile mistari iliyokosekana kwenye jedwali langu, watoto wote ambao ghala lilisema hawakufika, walikuwa hapo mbele yangu, wazima, wanacheza na maji. Nililia mbele ya mkubwa wangu wa kazi na sikujali.

Bi Zakia alivua viatu akaingia majini na nguo zake za ofisi. Mama mmoja alituona, akaja na kamba begani, akamsalimia Bi Veronika kwa furaha kama mtu aliyetembelewa na ndugu. Akamuahidi kwamba siku hizi zikipita atamletea watoto wote.

Bi Veronika alimtazama. "Mbona hamkuniambia kuwa siku ya kliniki ni mbaya kwenu?"

Yule mama akacheka, akaona haya, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"We mgeni wetu, mwanangu. Mgeni humwambii kuwa siku aliyoichagua mbaya."

Bi Veronika akageuka upande wangu. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa akicheka.

"Kumbe hawanichukii," aliniambia.

Kliniki haikufungwa. Siku yake ilihamishwa ikafuata maji mafu, na baadaye kliniki nyingine za pwani zikafuata. Bwana Nassor alistaafu si muda mrefu baada ya hapo, akaniachia kiti, na mimi nikakikalia miaka mingi nikiwafundisha wengine kutandaza nyota. Kila kijana aliyeanza kwangu nilimzuia kugusa mashine mpaka amejibu mstari mmoja ni nini. Walininung'unikia, na mimi nilimnung'unikia Bwana Nassor, kwa hivyo sikuona vibaya. Kama mnataka ushauri wangu kuhusu kujenga ghala la data, ni huu. Zana zitabadilika kabla hamjazizoea. Lakini kabla ya kuandika jedwali la tarehe, kaulizeni watu mnaowahesabu wanaishi kwa tarehe gani. Na mkishalijenga, liulizeni maswali ambayo hakuna aliyekutumeni muulize. Namba zina adabu kama akina mama wa Jambiani, hazisemi mpaka uende kwao.

Baada ya kustaafu nilitamani kumwona Bi Veronika. Alikuwa amekataa kila uhamisho aliopewa, yuko pale pale. Nilipanda gari asubuhi moja ya maji mafu, nikiwa nimevaa vizuri, zawadi mkononi, na kwa kweli nilitarajia kupokewa kwa heshima, mimi mwenye ghala. Benchi la barazani lilikuwa limejaa, sakafu imejaa, na mstari wa akina mama na watoto ulikuwa umetoka nje mpaka kwenye jua. Bi Veronika alininyanyulia uso kidogo, mtoto analia mkononi mwake, bomba la sindano mkono wa pili.

"Bi Rahma, karibu sana," alisema. "Lakini sina nafasi. Kaa huko nyuma usubiri."

Nilikaa chini kwenye mkeka, nyuma ya wote. Nilisubiri mpaka adhuhuri, na nilikuwa na furaha kuliko siku zote za kazi yangu.